Msumeno wa Kukatia Shina Nene la Bonsai: Anza na Urefu wa Bapa

Swali: Nina mti wa fikasi (jamii ya mkuyu) nilioukuza miaka sita kwenye chungu kikubwa, nao nataka uwe bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni unaotengenezwa ufanane na mti mkubwa wa porini. Umerefuka moja kwa moja, juu unene ni uleule wa chini, kwa hiyo nataka kulikata shina na kuanzisha kilele kipya kutoka kwenye tawi dogo lililo upande mmoja. Mahali ninapotaka kukata pana upana wa sentimita 9. Nyumbani nina msumeno wa kukatia chuma na msumeno mkubwa wa seremala, na rafiki yangu yuko tayari kuniazima msumeno wa umeme. Nitumie upi kati ya hiyo, au ninunue mwingine? Na nikinunua, naweza kuutumia kwenye mizizi pia?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata. Nunua mwingine. Tafuta msumeno wa kupogolea unaokata ukiuvuta, wenye bapa lililonyooka la sentimita 24 hadi 30 na meno makubwa ya mbao mbichi. Ile miwili ya nyumbani iache ifanye kazi zake. Wa umeme mwambie rafiki yako asante, ila si kwa mti huu. Mizizi nayo itafutie msumeno wake. Sasa nikupe sababu, kwa kuwa hata dukani ukikuta aina nisizozitaja hapa, sababu hizo zitakusaidia kuchagua.

Watu wengi wakifika dukani hutazama meno kwanza. Mimi nakuomba upime urefu kwanza. Kila jino la msumeno hukwangua nyuzi za mbao na kuzibeba kwenye kibonde kilicho mbele yake. Kibonde hicho hakimwagi kitu mpaka jino litoke nje ya shina. Jino likienda na kurudi humohumo ndani, kibonde hujaa, unga hushindiliwa, na kuanzia hapo unasugua tu, hukati. Ili kila jino lipate kutoka, mvuto wako unapaswa kuwa na urefu usiopungua upana wa shina. Na ili uvute kiasi hicho bila bapa kuchomoka, bapa lenyewe liwe mara mbili ya upana huo. Shina lako ni sentimita 9, kwa hiyo hesabu inakupa 18. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, nami sikushauri ukae hapo. Sentimita mbili tatu za karibu na mpini huwa hazifanyi kazi, na mkono haufiki hadi kwenye ncha kila unapovuta. Ndiyo maana nimesema 24.

Mkato wa mwisho utakuwa wa mshazari, yaani wa kuteremka kuelekea upande mmoja, nao una hesabu yake. Ukilikata shina la sentimita 9 kwa mteremko wa digrii 45, uso wa mkato unarefuka hadi karibu sentimita 12.7. Bapa likilala kwa kufuata mteremko, hicho ndicho kipimo linachokutana nacho, na mara mbili yake ni zaidi ya 25. Likilala kwa kuukingama mteremko, linakutana na zile 9 tu, ila safari ya kushuka inakuwa ndefu zaidi. Mimi hupenda njia hii ya pili, kwa sababu mstari wa mteremko unakaa mbele ya macho yangu upande huu na upande ule, na naona mapema bapa linapoanza kupotoka.

Sisemi haya kutoka kwenye karatasi. Mti wa kwanza mnene nilioukata ulikuwa na shina la sentimita 11, na msumeno niliokuwa nao ulikuwa wa kukunja, bapa lake sentimita 13. Ukitoa 11 kwenye 13 unabaki na mvuto wa sentimita 2. Nilikata karibu saa nzima. Muda wote huo mti ulitikisika kwenye chungu, na nilipochoka nilianza kulisukumasukuma shina ili livunjike lenyewe. Likavunjika, likachana ukanda wa gome wenye upana wa kidole, na ukanda huo ulishuka chini ya mstari wangu ukapita kwenye kitako cha tawi nililolichagua liwe kilele. Tawi lile lilikauka. Mti ulipona, lakini ilinibidi kungoja chipukizi jingine litoke mahali ambapo nisingepachagua, na mpaka leo nikiuangalia naona mpindo ambao haukuwa wangu.

Tuje kwenye meno. Mbao anayoipasua seremala imekauka. Nyuzi zake hukatika na kutoka kama vumbi. Shina la mti ulio hai limejaa maji. Nyuzi zinapinda kabla ya kukatika, unga wake unashikana kama unga uliolowa, na kingo za njia ya msumeno hulibana bapa. Mbao kama hiyo inataka meno machache, marefu, yenye vibonde vikubwa kati yake. Msumeno wa chuma una meno 18, 24 au 32 katika kila inchi moja. Ukiuingiza kwenye fikasi utateleza baada ya mivuto michache, maana vibonde vyake vidogo vitazibwa na unga na utomvu. Isitoshe, ile fremu yake inaweza kugonga shina kabla hujamaliza. Msumeno wa seremala una meno makubwa kidogo na hauna fremu, kwa hiyo kulikata utalikata, lakini umetengenezwa kwa mbao kavu na unakata ukiusukuma. Msumeno wa kupogolea huwa na meno kama 5 hadi 8 kwa inchi, na kwa shina la upana wako kiasi hicho kinatosha.

Ukiwa dukani, lishike bapa kwenye mwanga na ulisogeze karibu na jicho. Meno mazuri ya mbao mbichi yanaonekana kama vijembe vidogo, kila kimoja kimenolewa pande tatu: mbele, nyuma na juu kabisa kwenye ncha. Ncha zikiwa na rangi nyeusi inayoelekea samawati, ujue zimechomwa kwa joto la ghafla ili ziwe ngumu. Zinadumu sana, lakini tupa haiwezi kuzinoa tena, kwa hiyo zikiwa butu utabadilisha bapa zima. Kwa sababu hiyo chagua msumeno ambao bapa lake linafunguliwa kwa skrubu moja na linauzwa peke yake. Kisha geuza bapa ulitazame kutokea mgongoni. Katika misumeno mingine meno yamepindwa, moja kushoto na moja kulia, ili njia iwe pana kuliko bapa. Katika mingine meno yamenyooka, ila bapa lenyewe limesuguliwa likawa jembamba mgongoni kuliko kwenye meno. Yote miwili haibanwi kirahisi. Huo wa pili unaacha uso laini zaidi, nami ndio ninaoutumia kwenye bonsai.

Kwa nini wa kuvuta? Bapa linalosukumwa hutaka kupinda, hivyo mtengenezaji hulazimika kulifanya nene. Linalovutwa hunyooka kama kamba iliyokazwa, kwa hiyo linaweza kuwa jembamba na bado likaenda sawa. Bapa jembamba linaondoa mbao kidogo, na mbao kidogo inataka nguvu kidogo. Kwa mti ulio kwenye chungu, hiyo nguvu kidogo ndiyo faida kubwa. Mti wako haukushikwa na ardhi. Kila unapousukuma, shina linakuwa mtaimbo unaong'oa mizizi yake lenyewe, na vile vinywelea vya mizizi vinavyonyonya maji hukatika bila wewe kuona kitu. Wiki mbili baadaye majani yanaanguka, nawe unadhani ni kwa sababu ya kukatwa kilele.

Huenda ukaonyeshwa misumeno ya useremala ya Japani, nayo pia ni ya kuvuta. Ule uitwao ryoba una meno pande mbili, upande mmoja wa kukata kukingama nyuzi na mwingine wa kupasua kwa kufuata nyuzi. Dozuki una uti wa chuma mgongoni. Kugihiki bapa lake linapinda kwa urahisi na meno yake hayakupindwa kando. Ni misumeno mizuri mno, na ninayo. Lakini kwa kazi hii uti wa dozuki utagonga shina kabla hujamaliza, na bapa la ryoba, ambalo unene wake unaweza kuwa chini ya milimita 1, likibanwa na mbao mbichi hukunjika na kubaki na kovu lisilonyooka tena. Kugihiki uhifadhi kwa ajili ya visiki vikavu unavyotaka kuvisawazisha na shina. Hapo hauna mshindani.

Msumeno wa kupogolea uliopinda kama mundu unauma haraka, kwa kuwa kila unapovuta meno yanajikandamiza yenyewe kwenye mbao. Ni mzuri kwa matawi ya juu ya kichwa chako. Kwa shina la bonsai, ambapo unataka kufuata mstari na kusimama pale unapotaka, lililonyooka ni tulivu zaidi. Ila kama ulionao tayari umepinda na una urefu wa kutosha, usinunue mwingine kwa sababu hiyo pekee.

Msumeno wa umeme ambao bapa lake huenda mbele na nyuma una mahali pake. Mti ukiwa umeoteshwa ardhini, shina likiwa la sentimita 15 au zaidi, mizizi ikiwa imeshika barabara, ukifungwa bapa refu la meno makubwa unaokoa mgongo wa mtu. Kwenye chungu, mtikisiko wake unashuka hadi kwenye udongo na kuuachanisha na mizizi. Kile kibati cha mbele cha kuegemeza msumeno kisipokandamizwa vizuri kwenye shina, mti mzima unatetemeka badala ya bapa kukata. Msumeno wa mnyororo siushauri kabisa kwa mti wa chungu. Njia yake ni pana, unachanachana gome, na ncha yake ikigusa kitu unaweza kurushwa nyuma kuelekea usoni mwako. Kwa sentimita 9 za fikasi, mkono wako na msumeno mkali vinahitaji dakika chache tu.

Ukishaupata, kata hivi. Subiri mti uwe unachipua kwa nguvu, hali ya hewa ikiwa na joto. Fikasi ikiwa na afya huchipua hata kwenye shina lisilo na jani, kwa hiyo huna sababu ya kuogopa. Ungekuwa msonobari ningekuzuia, kwa kuwa huo ukikatwa pasipobaki sindano za kijani chini ya mkato, kwa kawaida hufa. Funga chungu kwenye meza kwa kamba au mkanda, kisicheze hata kidogo. Punguza kwanza matawi ya juu kwa mkasi mpaka kilele kibaki kijiti kitupu, maana uzito wa juu ndio unaochana gome.

Mkato wa kwanza usiwe ule wa mwisho. Weka alama sentimita 3 au 4 juu ya mahali unapopataka, ukate hapo kwa kulala, bila mshazari wowote. Nina sababu mbili. Fikasi ikikatwa, mara nyingi mbao hukauka kushuka chini kidogo kutoka kwenye jeraha, na ukikata jirani kabisa na tawi lako, ukavu huo unaweza kulifikia. Na ya pili, kama kitu kitachanika, kichanike kwenye kisiki utakachokiondoa baadaye. Anza upande ambao kilele kinaelekea kuangukia, ukate robo hadi theluthi ya unene, uache. Kisha njoo upande wa pili, juu kidogo ya ule mkato wa kwanza, ukate hadi kilele kiachie. Ukihisi bapa linabanwa, usilazimishe. Litoe, ingiza kabari ndogo ya mbao kwenye njia, endelea. Kama kuna mtu wa kukusaidia, mwambie ashike kilele na kukiinua wima. Asikisukume wala kukivuta kando, maana atakuwa analibana bapa lako akidhani anasaidia.

Mivuto ya kwanza iwe mifupi na myepesi, ukitumia meno yaliyo karibu na mpini, mpaka njia ipatikane. Mkono usioshika msumeno uvae glavu, kwa sababu bapa huruka hapo mwanzoni kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya hapo vuta kwa urefu wote, bila kukandamiza. Wakati wa kurudisha, legeza. Tazama kinachoanguka. Msumeno mkali kwenye mbao mbichi unatoa vijinyuzi vinavyoonekana, kama tambi zilizokatwakatwa. Ukiona unga laini unaogandamana kama uji mzito, meno ni butu au yamezibwa. Simama, yasafishe kwa mswaki wa zamani, kisha uendelee. Kwenye fikasi utaona pia maziwa meupe yakichuruzika kutoka kwenye mduara wa gome. Yapulizie maji na usiyaache yagusane na ngozi wala macho, kwa kuwa yanawasha.

Sasa angalia ukingo wa ule mkato kwa karibu. Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba, laini, wenye unyevu. Huo ndio unaoitwa kambiamu, nao ndio unaozalisha gome jipya litakalotambaa juu ya jeraha. Msumeno hata uwe mzuri namna gani huuacha umechanikachanika kama pindo la kitambaa kilichoraruliwa. Pindo la namna hiyo hukauka na kurudi nyuma, na jeraha linakuwa kubwa kuliko ulivyolikata. Kwa hiyo ukifika kwenye mkato wa mwisho wa mshazari, miezi kadhaa baadaye, tawi lako likishapata nguvu, chukua kisu kikali sana na uzungushe ukingo mzima, ukiondoa milimita 1 au 2 mpaka uone mstari safi usio na nyuzi. Kati ya kingo hizo sawazisha mbao kwa patasi, uichimbe kidogo tu iwe kama kisahani, ili gome jipya likifika katikati lisiwe kichuguu. Paka dawa ya kufunika majeraha, hasa pembeni. Nimeona watu wakihangaika mwezi mzima kutafuta msumeno bora halafu wakaruka hatua hii ya dakika kumi, na huwa nasikitika, kwa sababu uzuri wa kovu unategemea kisu kuliko msumeno.

Kuhusu mizizi, jibu langu ni hapana, usiutumie huohuo. Udongo wa chungu una mchanga na vijiwe, na jino moja likipita juu ya kijiwe linapoteza ncha. Mivuto kumi kwenye mizizi yenye udongo inaweza kuharibu bapa ambalo lingekutumikia miaka. Wa mizizi uwe wa bei ndogo, au uwe bapa la zamani ulilolitoa ulipoweka jipya. Ule msumeno wako wa seremala, kama tayari ni butu, unaweza kuupa kazi hiyo kwenye mizizi minene iliyo pembezoni mwa bonge la udongo, ukishaiosha kwa maji.

Ukimaliza kukata, usiuweke msumeno hivyo hivyo. Maziwa ya fikasi yakikauka kwenye meno yanakuwa mpira. Yafute yakiwa bado mabichi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa au tapentaini, kisha pangusa kwa spiriti ya asilimia 70 ili usihamishe ugonjwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, halafu acha bapa likauke na ulipake mafuta mepesi. Dawa ya klorini usiitumie kwenye bapa, inakula chuma.

Na kile kilele utakachokikata usikitupe. Fikasi huota hata ikiwa kipande kinene. Kama sehemu hiyo ya juu ina umbo unalolipenda, unaweza hata kuahirisha msumeno kwa msimu mmoja: menya pete ya gome chini kidogo ya sehemu hiyo, izungushie kuvumwani kilicholowa (mimea midogo laini inayoshika maji, kwa Kiingereza moss), funga kwa plastiki, na usubiri mizizi itoke ikiwa bado juu ya mti. Ndipo ukate chini ya mizizi hiyo, ukiacha bado zile sentimita 3 au 4 juu ya alama yako. Kama huna haja ya kungoja, kipande ulichokikata kisafishe kitako kwa kisu kama ulivyofanya kwenye shina, acha maziwa yakatike, kichomeke kwenye mchanga mkubwa wenye unyevu, kifunge kisitikisike, ukiweke kivulini.